Dawa Moja Inapopunguza Nguvu ya Nyingine

Katika toleo hili tunaeleza kwa nini mgonjwa anayeanza dawa za kifua kikuu huulizwa kwanza ni dawa gani nyingine anazotumia.

Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6, na kwa muda wote huo mgonjwa humeza rifampisini, dawa inayobadili mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Ini ndilo linalovunjavunja dawa nyingi tunazomeza. Rifampisini hulifanya ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi vya kazi hiyo. Ni sawa na shamba la alizeti lililokuwa na vibarua wawili wa kuvuna, wakaja kumi: kazi huisha mapema. Dawa nyingine nayo huisha mwilini kabla ya saa yake.

Hali hii inawagusa hasa makundi mawili:

1. Wanaoishi na VVU. Tangu mwongozo wa taifa wa mwaka 2019, wengi hutumia kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegravir. Anayetumia pia rifampisini huongezewa dolutegravir miligramu 50, aimeze saa 12 baada ya kile cha kwanza. Asipoongezewa, virusi vinaweza kupata nguvu na kuwa sugu.

2. Akina mama wanaotumia uzazi wa mpango. Vidonge hupungua nguvu, na vijiti pia vinaweza kupungua, hivyo mimba inaweza kuingia bila kutarajiwa. Sindano ya miezi mitatu haipungui kiasi hicho. Kondomu haiathiriki kabisa.

Ini halitulii siku ile ile dawa zinapokwisha. Huchukua takriban wiki mbili. Kwa hiyo kidonge cha nyongeza cha dolutegravir huendelea kwa wiki mbili zaidi.

Zipo pia dawa zinazofanya kinyume. Isoniazidi, ikitolewa peke yake kukinga kifua kikuu, hulipunguzia ini kasi ya kuvunja fenitoini, dawa ya kifafa. Fenitoini hurundikana, na mgonjwa hupepesuka kama mlevi.

Tunawasihi: msiache dawa za kifua kikuu, wala msijiongezee dozi wenyewe. Iwe ni Iramba, Ikungi au Manyoni, mwendapo zahanati, kituo cha afya au duka la dawa, chukueni pakiti za dawa zote mnazotumia. Kijiti hakionekani mfukoni, basi kitajeni kwa mdomo. Mhudumu hawezi kurekebisha asichokijua.