Udongo wa milimani na samaki wa Tanganyika

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini samaki hawaishi mpaka chini. Oksijeni inafika katika mita 100 au 200 za juu tu. Ndagala, mikebuka na aina nyingi za samaki wa mawe, ambao wengi hawapatikani pengine duniani, wote wanategemea maji hayo ya juu.

Tunapokata miti juu ya Uvira na Fizi, mvua inashusha udongo. Matope yanafunika mawe ambako samaki wanakula na kutaga mayai. Na uchafu hautoki upesi: mto unaotoa maji ni Lukuga peke yake, kule Kalemie. Maji mengi yanakauka kwa jua, uchafu unabaki.

Katika Mwanzo 1, samaki wanabarikiwa kabla ya mwanadamu. Basi tusiseme ziwa ni shauri la wavuvi tu. Mkulima wa mlimani naye ameshika sahani ya mjane wa ufukoni. Tupande miti kando ya mito, na tuache kuvua watoto wa samaki kwa chandarua.