Umuravumba na majina yake: Jinsi spishi mpya ya mmea inavyotambuliwa

Habari za kugunduliwa kwa spishi mpya ya mmea huwafanya wengi wamfikirie mtaalamu aliyepanda mlima usiokanyagwa na mtu, akakuta huko kitu ambacho hakijawahi kuonwa. Mara nyingi mambo hayaendi hivyo. Mmea huwa unajulikana na wenyeji kwa miaka mingi, una jina la kienyeji na kazi yake nyumbani, na pengine tawi lake limehifadhiwa kabatini kwa miongo kadhaa likiwa na jina la mmea mwingine.

Mwaka 2010, utafiti uliochapishwa katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ulibaini kuwa ni asilimia 16 tu ya spishi mpya za mimea ya maua zilizoelezwa kisayansi ndani ya miaka 5 tangu zilipokusanywa kwa mara ya kwanza. Karibu robo ya maelezo ya spishi mpya yalihusu sampuli zilizokuwa zimekaa kwa zaidi ya miaka 50.

Mfano mzuri katika ukanda wetu ni jenasi ya Tetradenia, vichaka vya jamii ya mnanaa vinavyoota milimani na kwenye miteremko yenye mawe. Nchini Rwanda na Burundi, kichaka cha jenasi hiyo chenye harufu kali huitwa umuravumba, na majani yake ni dawa ya asili inayotumiwa kwa kikohozi na maradhi mengine.

Jamii ya mnanaa

Jamii ya mnanaa ina zaidi ya spishi 7,000 duniani. Miongoni mwake ni mrehani, kivumbasi, rozimari na hata msaji, mti mkubwa wa mbao. Mimea mingi ya jamii hii ina shina lenye pembe nne, majani yanayoota mawili mawili yakielekeana, na ua lenye umbo la midomo miwili. Tunda lake kwa kawaida hugawanyika vipande vinne vidogo, kila kimoja kikiwa na mbegu.

Hata hivyo, hakuna alama moja inayotosha peke yake. Kuna mimea ya jamii nyingine yenye shina la pembe nne, na si kila mmea wa jamii ya mnanaa unaonukia. Msaji wenyewe uliwekwa katika jamii nyingine kwa muda mrefu, na ni katika miaka ya 1990 ambapo wataalamu walikubaliana kuuhamishia katika jamii ya mnanaa pamoja na jamaa zake kadhaa.

Kichaka kinachowatatiza wataalamu

Tetradenia ni miongoni mwa mimea migumu kuainisha, na kuna sababu mbili kubwa.

Kwanza, maua dume na maua jike huota kwenye vichaka tofauti, na mashada yake hayafanani. Mtu akichuma tawi la kichaka dume hapa na la kichaka jike kule, anaweza kudhani ana spishi mbili ilhali ni moja.

Pili, mara nyingi vichaka hivi huchanua wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika. Sampuli yenye maua huwa haina majani, na yenye majani huwa haina maua. Anayetaka kulinganisha mimea ya maeneo mawili hujikuta akilinganisha maua ya huku na majani ya kule.

Jina la spishi inayofahamika zaidi, riparia, lilitolewa katika karne ya 19 kwa mmea wa kusini mwa Afrika. Baadaye spishi hiyo ilijulikana kama Iboza riparia. Mwaka 1983, mtaalamu wa Afrika Kusini, L. E. Codd, aliihamishia katika jenasi ya Tetradenia, ambayo jina lake lilikuwa limetangulia kutolewa kwa mimea ya Madagaska. Kwa miaka mingi, vichaka vya Afrika Mashariki navyo viliandikwa kwa jina hilo hilo la riparia.

Mwaka 2008, wataalamu Phillipson na Steyn walichapisha katika jarida la Adansonia mapitio ya Tetradenia za Afrika. Walionyesha kuwa jina moja lilikuwa limebebeshwa mimea isiyo ya spishi moja. Baadhi walizieleza kuwa spishi mpya, ikiwemo Tetradenia tanganyikae ya Tanzania. Nyingine zilikuwa tayari na jina la zamani lililosahauliwa, nalo likarejeshwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Tetradenia urticifolia, inayopatikana kuanzia Ethiopia hadi Afrika Mashariki. Kwa hiyo, si kila spishi inayotenganishwa na nyingine hupewa jina jipya: kanuni zinataka jina lililotangulia kuchapishwa ndilo litumike.

Hatua za kutoa jina

Kazi huanzia shambani au mlimani. Mkusanyaji hukata matawi, huyabana na kuyakausha kati ya karatasi, kisha huandika mahali, tarehe, mwinuko kutoka usawa wa bahari, rangi ya maua, harufu na jina la kienyeji. Maelezo haya ni muhimu kwa sababu rangi na harufu hupotea tawi likishakauka.

Hatua ya pili hufanyika katika hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Hebaria ya taifa ya Rwanda iko Huye. Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzishwa Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Humo mtaalamu hulinganisha sampuli yake na zilizokusanywa kabla yake, moja baada ya nyingine. Hupima majani na maua, huchunguza vinyweleo kwa hadubini, na siku hizi anaweza pia kuchunguza vinasaba. Swali lake ni moja: je, tofauti anazoziona ni za kudumu, au zimeletwa na umri wa mmea, kivuli, udongo na jinsia?

Akiridhika, huandika maelezo ya spishi na kuteua sampuli moja kuwa kielelezo. Kuanzia wakati huo, jina hufungamana na sampuli hiyo daima, na yeyote mwenye shaka anaweza kurudi kuitazama. Tangu mwaka 1958, jina jipya halikubaliki bila kutajwa kwa kielelezo. Maelezo yenyewe yalilazimika kuwa kwa Kilatini hadi mwishoni mwa mwaka 2011. Tangu mwaka 2012, Kiingereza nacho kinakubalika.

Ufungamano huu ndio unaoeleza mkasa wa riparia. Kielelezo chake kinatoka kusini mwa Afrika. Iwapo kichaka cha kwetu si sawa na kielelezo hicho, basi hakiwezi kuitwa riparia, hata kama vitabu vimekiita hivyo kwa miaka mingi.

Jina lina uzito gani?

Katika miaka ya 1980, watafiti waliokuwa wakifanya kazi Butare, mji ambao sasa ni Huye, walitenga kutoka kwenye majani ya umuravumba kemikali iliyoonyesha maabarani uwezo wa kuzuia bakteria na kuvu. Matokeo hayo yalichapishwa kwa jina la Tetradenia riparia. Nchini Brazil nako, ambako mmea huu ulipelekwa na hupandwa bustanini, zimefanyika tafiti nyingi kwa jina hilo hilo.

Mtu akizisoma tafiti za Brazil leo, hawezi kuchukulia moja kwa moja kwamba zinazungumzia kichaka kilicho nyuma ya nyumba yake. Spishi mbili zinazokaribiana zinaweza kutofautiana katika kemikali zake, nguvu zake na madhara yake. Kinachoweza kumaliza ubishi ni tawi lililokaushwa la mmea uliofanyiwa utafiti. Likiwa limehifadhiwa, linaweza kutambuliwa upya na matokeo yakapata jina sahihi. Pasipo tawi hilo, utafiti unabaki ukizungumzia mmea usiojulikana vyema.

Uzito wa pili uko kwenye uhifadhi. Spishi inayohesabiwa kuwa imeenea kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini haiwezi kuonekana kuwa hatarini. Ikibainika kuwa ni spishi kadhaa, huenda mojawapo inaota kwenye milima michache tu, ambako moto, kilimo au uchimbaji wa mawe unaweza kuimaliza. Kwa vigezo vya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, spishi iliyoenea katika eneo lisilofikia kilomita za mraba 100 inaweza kuwekwa katika daraja la walio hatarini zaidi kutoweka, masharti mengine yakitimia. Lakini tathmini hiyo huhitaji jina kwanza.

Juzuu ya jamii ya mnanaa katika Flora of Tropical East Africa, kazi inayoorodhesha mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda, ilichapishwa mwaka 2009. Kazi nzima ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012. Kukamilika huko hakukufunga orodha, kwani spishi mpya zimeendelea kuelezwa, nyingi zikitokana na sampuli zilizokuwamo kabatini.

Wanaoujua mmea kwa kuutumia wana nafasi yao katika kazi hii. Mkunga au mganga anayetenganisha umuravumba wa aina mbili kwa harufu au kwa ukubwa wa jani huenda ameona tofauti ambayo sampuli kavu haiwezi kuionyesha. Tofauti hiyo ikiandikwa kwenye karatasi ya sampuli pamoja na jina la mahali, mtaalamu atakayeifungua miaka 50 baadaye atajua pa kuanzia.