Kutoka MA- hadi KI-: sanaa ya vitu vilivyotupwa

Aliyekulia Buluo, Kikula au Panda anaijua motokari ya waya. Mtoto anaokota waya, anaukunja kwa jiwe na koleo, anafunga visoda au vipande vya ndala viwe magurudumu, kisha anaweka fimbo ndefu ya usukani na kuikimbiza barabarani. Hakuna anayeiita sanaa, wala hakuna anayeiita uchafu. Kwa saa chache tu waya ule umebadilika jina. Makala hii inaeleza mabadiliko hayo ya jina: yanatokeaje, wasanii wameyatumiaje, na ni lini yanasaidia kweli kutunza mazingira.

Majina ya uchafu

Katika Kiswahili cha mitaani huku kwetu, vitu vilivyotupwa vimegawanyika mara mbili: kuna mitraye na kuna salete. Mitraye imetoka katika mitraille, neno ambalo Wabelgiji hulitumia kwa vyuma chakavu, na ambalo hata nyaraka za serikali ya Kongo hulitumia zinapozungumzia biashara ya vyuma hivyo. Salete ni saleté ya Kifaransa: uchafu, basi. Kinachoyatenganisha maneno haya ni bei. Betri iliyokufa, bomba la shaba na sufuria iliyotoboka vina mnunuzi na mizani, kwa hiyo havilali njiani siku mbili. Mfuko wa plastiki na ndala iliyokatika mara nyingi havina mnunuzi. Vyote vinaingia katika neno moja, na kutoka katika neno hilo vinakwenda mtaroni.

Kiswahili sanifu nacho kina utaratibu wake. Tazama majivu, makapi, machicha, masizi, masalio, mabaki. Yote yamo katika ngeli ya 6, pamoja na maji na mafuta: vitu tunavyoviona kama rundo au mkusanyo, bila kuhesabu kimoja kimoja. Kitu kilichotengenezwa kwa mkono mara nyingi hukaa katika ngeli ya 7 na 8: kikapu, kiti, kinyago, kifaa, chombo. Hii si kanuni kamili, maana sanamu na picha hazimo humo. Lakini inatusaidia kueleza kazi ya msanii wa vitu vilivyotupwa. Anachukua kitu kutoka kwenye rundo la MA- na kukirudisha kwetu kama KI-: kitu kimoja, chenye umbo, kinachoweza kuhesabiwa na kutunzwa.

Mifano ya karibu na ya mbali

Jean Katambayi Mukendi alizaliwa Lubumbashi mwaka 1974 na kusomea ufundi wa umeme. Anaunda mashine kwa katoni, nyaya na vipande vya vyombo vya elektroniki vilivyokwisha kutumika. Ndani yake mna hesabu nyingi na mizunguko ya umeme, lakini katoni haifichwi: unaiona, na unajua ilikuwa katoni. Mtu wa jimbo letu, ambalo shaba yake huenda ikawa nyaya katika nchi za watu huku nyumba nyingi hapa zikilala gizani, hahitaji maelezo marefu mbele ya mashine hiyo.

Sammy Baloji, naye mzaliwa wa Lubumbashi, mwaka 1978, amechukua maganda ya makombora ya vita vikuu vya dunia na kupanda ndani yake mimea ya nchi za joto. Huko Ubelgiji watu walikuwa wameyageuza maganda kama hayo kuwa vyungu vya maua vya sebuleni. Ganda likishasuguliwa likang'aa, mtu husahau mgodi, kiwanda cha silaha na uwanja wa vita. Baloji anatukumbusha njia hiyo yote. Neno letu la mitraye linakumbuka pia: mitraille lilikuwa jina la vipande vya chuma vilivyorushwa kwa mizinga.

Kinshasa kuna kundi la Ndaku ya la vie est belle, lililoanzishwa na msanii Eddy Ekete. Jina lake limechanganya Kilingala na Kifaransa: ndaku ni nyumba. Wasanii wake huvaa mavazi mazito ya makopo, nyaya, simu mbovu au mabomba ya sindano, kisha hutembea mitaani. Hapo uchafu unapata miguu na kumfuata yule aliyeutupa.

Pwani ya Kenya, mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walijenga jahazi la plastiki lenye urefu wa takriban mita 9, liitwalo Flipflopi. Plastiki iliyookotwa ilichambuliwa, ikasagwa, ikayeyushwa na kumiminwa katika kalibu ili ipatikane mkuku, mataruma na mbao, kisha ikachongwa kwa ufundi uleule wa kuchonga miti. Nje walilifunika kwa ndala za rangi zipatazo 30,000. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika bandari walizotia nanga, watu waligusa ubavu wa chombo na kuitambua ndala. Mazungumzo yalianzia hapo.

Lini sanaa inatunza mazingira?

Mifano yote hii ina jambo moja: kitu cha zamani bado kinaonekana ndani ya kitu kipya. Mimi nilijifunza hili kwa kukosea. Mimi na wenzangu tuliwahi kukata chupa za plastiki tukatengeneza maua, tukayapaka rangi ya dhahabu hadi plastiki isijulikane. Watu waliyasifu maua, na hakuna hata mmoja aliyetamka neno chupa. Mvua zilipofika rangi ilibanduka, maua yakatupwa, na mtaro ukapokea chupa zilezile zikiwa na rangi juu yake. Tulikuwa tumeficha uchafu kwa muda tu.

Jambo la pili ni chanzo. Katika mji wa shaba, waya si kitu cha kuokotwa tu. Kebo za umeme huibwa, na mtaa mzima hubaki gizani kwa ajili ya kilo chache za mitraye. Msanii anayenunua shaba bila kuuliza ilikotoka anaweza kuwa mteja wa mwizi.

La tatu ni njia ya kazi. Ili kuitoa shaba upesi, wengi huchoma ganda la plastiki la waya, na moshi wake una sumu kwa anayechoma na kwa jirani. Kulichuna ganda kwa kisu kunachukua muda mrefu zaidi, lakini huo ndio utunzaji wenyewe. Vivyo hivyo betri za asidi na makopo ya kemikali hayafai kupewa watoto kama vifaa vya sanaa, hata yakiwa bure.

Tukubali pia kwamba sanaa haimalizi rundo. Serikali ilitoa amri ya tarehe 30 Desemba 2017 kupiga marufuku utengenezaji, uingizaji na uuzaji wa mifuko ya plastiki, na bado mifuko tunaiona. Kama amri haikuimaliza, sanamu moja haitaimaliza. Kazi ya sanaa ni kutoa kitu kimoja katika neno salete ili kionekane, na mtu aliyekiona asite kidogo kabla ya kutupa kingine.

Tanzania kazi hii huitwa urejelezaji, kutoka rejea, rejelea, rejeleza. Ile -z- ya kusababisha inadai mtenda: kitu hakirejei chenyewe, lazima awepo anayekirejesha. Kwa hiyo kitivo chetu kikiandaa tena maonyesho ya vitu vilivyookotwa, napendekeza kila kazi iwekewe kikaratasi chenye majibu matatu: kilikuwa nini, kilitoka wapi, na kikichakaa kitapelekwa wapi. Swali la tatu ndilo gumu, na maua yetu ya dhahabu hayakuwa na jibu lake.