Ada imefutwa, jero ya kila siku je?

JANUARI ndiyo mwezi ambao wazazi wengi huketi kupiga hesabu ya watoto, na kwa kawaida huwa wameshachelewa. Fedha ya Desemba imeishia kwenye sikukuu na nauli za kwenda kijijini, na mtu wa mikopo ya kausha damu yupo nyumba ya pili anasubiri.

Tangu Januari 2016 shule za Serikali nchini hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na sita. Akina baba wengi wakaona mzigo umetuliwa. Mama anayeamka alfajiri kutoa hela ya shule anajua ulipohamia.

Sare na madaftari huonekana, hivyo hupangiwa. Kinachotoboa mfuko ni sarafu. Mwanafunzi jijini Dar es Salaam hulipa Sh200 kwenye daladala. Kwenda na kurudi ni Sh400. Akipewa na jero ya kula mchana, inakuwa Sh900. Nani atashtuka kwa Sh900? Lakini mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto huyo mmoja ametumia Sh174,600. Wakiwa wawili ni Sh349,200, na anayepanda magari mawili nauli yake ni maradufu.

Fedha hiyo huchomolewa kwenye mtaji wa genge au hela ya mboga, haiandikwi popote. Jioni wazazi wanaulizana imekwenda wapi, na kila mmoja anamshuku mwenzake. Siku ikikosekana kabisa, mtoto huambiwa apumzike, kesho ataenda. Shuleni huandikwa mtoro.

Kwa watoto wawili, siku 20 za shule ni Sh36,000 kwa mwezi. Mwenye mshahara aitenge siku ileile anapoupokea, kabla ya king'amuzi na kabla ya michango ya harusi (hiyo michango nayo ni habari nyingine). Anayepata riziki kwa siku, kama bodaboda au mama lishe, atoe Sh1,800 ya kesho kabla hajagusa faida ya leo.

Kisha kuna likizo. Ukiondoa Jumamosi na Jumapili, watoto hukaa nyumbani zaidi ya siku 60 kwa mwaka. Kweli, jero haiokolewi, maana wakiwa nyumbani unga nao huisha haraka. Ila nauli haitumiki. Sh800 za wawili kwa siku 60 ni Sh48,000. Hazimalizi sare zote, lakini zinapunguza cha kukopa Januari.

Daftari la hesabu hii si lazima lishikwe na mzazi. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuliandika kila jioni, na akishaona jumla ya mwezi mmoja, ataelewa kwa nini mama hukunja uso anapoombwa buku ya ziada.