Kupima Mwendo wa Mafungu ya Nyota: Mchango wa Optiki Badilifu

Waswahili wamelijua fungu la nyota tangu jadi. Kilimia, ambacho jina lake linatokana na kitenzi "lima", kilitumiwa kutambua majira ya kilimo. Hata hivyo, dhana mbili huchanganywa mara kwa mara: kundinyota na fungu la nyota. Kundinyota ni umbo linaloonekana na mtu aliye duniani, ilhali nyota zake zaweza kuwa mbalimbali mno. Fungu la nyota, kwa upande wake, ni nyota zilizozaliwa pamoja na kushikanishwa na nguvu za mvutano. Kinachodhihirisha udugu huo ni mwendo, kwani nyota za fungu moja husafiri pamoja. Makala haya yanafafanua jinsi mwendo huo unavyopimwa, hata pale fungu lilipo mbali kupindukia.

Kikwazo cha kwanza ni hewa. Tabaka za hewa zenye joto tofauti huipinda nuru huku na huku, nayo nyota ikaonekana kumetameta. Jambo linalompendeza mtazamaji humtatiza mpimaji, kwa kuwa picha hutanda na nyota zilizosongamana huonekana kama doa moja. Mnamo 1953, mwanafalaki Mmarekani Horace Babcock alipendekeza suluhisho ambalo leo laweza kuitwa optiki badilifu. Kihisi huchunguza jinsi nuru ya nyota ya mwongozo ilivyopindwa. Kompyuta nayo huamuru kioo chembamba kibadili umbo lake mara mamia kwa sekunde, ili kuufuta upotoshaji huo. Pasipokuwa na nyota angavu ya kuongoza, mwali wa leza hurushwa juu na kuziangaza atomu za sodiamu zilizoko takriban kilomita 90 angani, ukazua nyota bandia.

Mfano bora ni fungu la Arches, lililo karibu na kitovu cha galaksi yetu, umbali wa takriban miaka ya nuru 26,000. Vumbi la angani huziba nuru yake ya kawaida, hivyo hutazamwa kwa miale ya infraredi. Andrea Stolte na wenzake walilinganisha picha za 2002 zilizopigwa kwa darubini ya VLT nchini Chile na za 2006 zilizopigwa kwa darubini ya Keck huko Hawaii. Katika matokeo yao ya 2008, fungu hilo lilikuwa likisogea angani takriban sekunde 0.0056 za pembe kwa mwaka, ambapo nyuzi moja ina sekunde 3,600. Ni sawa na mtu aliye Nairobi kutambua kwamba kitu kilichoko Mombasa kimesogezwa kwa takriban sentimita moja baada ya mwaka mzima. Kwa umbali wa Arches, badiliko hilo dogo ni mwendo wa kilomita 212 kwa sekunde.

Ikumbukwe kwamba mwendo huo ulipimwa kwa kulinganishwa na nyota nyingine zinazoonekana upande huo huo wa anga, nazo pia zinasafiri. Mnamo 2012, Will Clarkson na wenzake walionyesha kwamba nyota hizo za nyuma haziwezi kuchukuliwa kuwa kundi moja lenye mwendo sahili. Baada ya kuzichanganua upya, walipata kilomita 172 kwa sekunde. Aidha, tofauti ndogo za mwendo baina ya nyota za Arches zenyewe, takriban kilomita 5 kwa sekunde, ziliwawezesha kukadiria uzito wa sehemu ya kati ya fungu hilo kuwa mara 9,000 hivi ya uzito wa Jua. Kwa njia hii, fungu lilipimwa uzito kutokana na mwendo wake, pasi na kutegemea mwangaza wake pekee.

Mambo haya yana uzito pia katika uundaji wa istilahi. Mwandishi akisema kwamba "kundinyota" la Arches linasafiri pamoja, sarufi yake haina dosari, lakini kauli yenyewe ni potofu. Kiswahili tayari kina maneno ya kuzitenga dhana hizi mbili. Lililobaki ni watunzi wa kamusi, walimu na wafasiri kuyatumia kwa uthabiti.