Umri wa Tarumbeta Kuukuu

Tarumbeta kuukuu ya shaba ikikutwa katika stoo ya shule, ya kanisa au ya chama cha beni, mwenyewe huwa na mawazo mawili: kuisugua kwa mchanga mpaka ing'ae, au kuiuza kwa mizani kama chuma chakavu. Kabla ya hayo yampasa aitazame sana, maana chombo hicho hubeba ushahidi wa kuzaliwa kwake mwilini mwake.

Kwanza huangaliwa jinsi sauti inavyobadilishwa. Matundu ya ubavuni yenye vifuniko ni dalili ya namna ya zamani: Joseph Halliday alipata hataza ya baragumu ya jinsi hiyo mwaka 1810.

Vali zilifuata. Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipewa hataza huko Prussia mwaka 1818. Katika vali ya Stölzel hewa hupitia chini, kwa hiyo bomba huungwa kwenye kitako chake. Mwaka 1839 François Périnet wa Paris alitengeneza vali ambayo mabomba yake yote huungwa ubavuni, na hiyo ndiyo itumikayo katika tarumbeta nyingi hata leo. Basi chombo chenye vali za Périnet hakikutengenezwa kabla ya 1839. Lakini vali za Stölzel si hakikisho la ukongwe, kwa kuwa ziliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye.

Pili husomwa maandishi ya kwenye kinywa kipana. Boosey & Co. na Hawkes & Son ziliungana mwaka 1930; palipoandikwa Boosey & Hawkes, chombo si cha kabla ya mwaka huo. Medali ya maonyesho ya London ya 1862 ikiwa imechorwa, chombo si cha kabla ya 1862, ila chaweza kuwa cha baadaye sana. Hata askari mzee huvaa nishani yake muda mrefu baada ya vita. Kwa hiyo alama iliyo changa kuliko zote ndiyo ihukumuyo, mradi isiwe ya kiungo kilichobadilishwa.

Maandishi hayo ni membamba, na mchanga huyafuta yasirudi tena. Kitambaa laini chatosha, kisha kila herufi na tarakimu inakiliwe kwenye karatasi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Na tarumbeta iliyong'arishwa hivyo imepoteza jina lake.