Mambo ya Kuzingatia Katika Kutotolesha Vifaranga vya Kuku Nyumbani

Ufugaji wa kuku ni miongoni mwa shughuli ambazo kaya nyingi nchini zinaweza kuzianza kwa mtaji mdogo. Hata hivyo, mfugaji anayeamua kutotolesha vifaranga mwenyewe huweka rehani wiki 3 za kazi, gharama za umeme na mayai ambayo yangeweza kuuzwa au kuliwa na familia. Kosa dogo la joto, unyevunyevu au usafi linaweza kuteketeza yote hayo. Ni vyema, kwa hiyo, mwananchi akaielewa kazi hii kabla ya kununua mashine.

Kwa kawaida, yai la kuku huanguliwa baada ya siku 21. Siku ya kwanza huhesabiwa kuwa imetimia saa 24 baada ya yai kuwekwa katika joto. Hivyo mayai yaliyowekwa Jumatatu hutarajiwa kuanguliwa Jumatatu ya wiki ya tatu inayofuata.

Uchaguzi wa mayai

Yai lisilo na mbegu haliwezi kutoa kifaranga hata likitunzwa vipi. Mayai mengi ya dukani hutoka kwa kuku wa kisasa wanaofugwa bila jogoo, hivyo hayafai kwa kazi hii. Mayai yatoke katika kundi lenye jogoo mwenye afya, na jogoo mmoja anatosha mitetea 10 hivi.

Yachaguliwe mayai ya ukubwa wa wastani, yenye umbo la kawaida na ganda lisilo na ufa. Yahifadhiwe mahali penye ubaridi wa wastani, ncha nyembamba ikielekea chini, kwa muda usiozidi siku 7, kwa kuwa uwezo wa kuanguliwa hupungua kadiri siku zinavyosonga. Mayai yasioshwe. Ganda lina vitundu vidogo vilivyofunikwa na utando wa asili unaozuia vijidudu. Maji huuondoa utando huo na kuyaacha wazi.

Kuku au mashine

Kwa mfugaji mwenye mayai machache, kuku anayeatamia bado ndiye njia rahisi. Mtetea mmoja huweza kulalia mayai 10 hadi 13, huyageuza mwenyewe na hauhitaji umeme. Mashine hufaa mfugaji anayehitaji vifaranga vingi vya umri mmoja.

Katika mashine yenye feni, joto linapaswa kuwa takribani nyuzi 37.5 za Selsiasi muda wote. Mashine isiyo na feni huhitaji joto la juu kidogo, nyuzi 38.5 hivi, likipimwa usawa wa sehemu ya juu ya mayai. Mashine iwashwe saa 24 kabla ya kuweka mayai ili joto litulie, nayo iwekwe chumbani mbali na jua la moja kwa moja na upepo.

Unyevunyevu uwe asilimia 50 hadi 55 katika siku 18 za mwanzo, kisha upandishwe hadi 65 au 70 katika siku 3 za mwisho. Sababu yake ni kwamba yai hupoteza maji kupitia ganda, na nafasi hiyo huchukuliwa na mfuko wa hewa ambao kifaranga huutumia kuvuta pumzi yake ya kwanza. Hewa ikiwa kavu mno, utando hukauka na kumnasa kifaranga. Ikiwa na unyevu mno, mfuko wa hewa hubaki mdogo.

Kugeuza na kumulika

Mayai yageuzwe angalau mara 3 kwa siku ili kiinitete kisigandamane na utando wa ndani ya ganda. Mfugaji anayegeuza kwa mkono anashauriwa kuweka alama tofauti kwa penseli katika pande mbili za yai. Kazi hii husitishwa siku ya 18, kifaranga anapoanza kujipanga ili atoke.

Siku ya 7, mayai yamulikwe kwa tochi katika chumba chenye giza. Yai lenye uhai huonesha mishipa myembamba ya damu iliyotandaa kama utando wa buibui. Yai linaloonekana jeupe tupu halina mbegu, na lenye pete ya damu kiinitete chake kimekufa. Yote mawili yaondolewe, kwani yai viza likipasuka huchafua mengine.

Umeme unapokatika

Kiinitete huvumilia ubaridi wa muda mfupi kuliko joto kali. Umeme ukikatika, mashine isifunguliwe. Ifunikwe kwa blanketi huku matundu ya hewa yakiachwa wazi. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake yenye sumu huua watu na kuku pia.

Siku ya kuanguliwa

Baada ya kutoboa ganda, kifaranga huweza kuchukua saa 12 hadi 24 kutoka. Wengi huharibu kazi hapa kwa kufungua mashine kila mara au kumbandua kifaranga kwa mkono. Mishipa ya damu huwa bado haijakauka, na kifaranga huweza kuvuja damu hadi kufa. Hana njaa ya haraka, kwa kuwa kiini cha yai kilichobaki tumboni humlisha kwa siku 2 hivi.

Vifaranga wakikauka, wahamishiwe mahali penye joto la nyuzi 32 hadi 35, lipunguzwe nyuzi 3 hivi kila wiki. Wakisongamana wanahisi baridi. Wakitawanyika wakihema midomo wazi, joto limezidi. Mfugaji awasiliane mapema na afisa mifugo wa kata yake kuhusu ratiba ya chanjo, hususan ya mdondo, ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima kwa siku chache.

Kumbukumbu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfugaji aliyeweka mayai 30, akaondoa 5 yasiyo na mbegu na kupata vifaranga 20, amefaulu kwa asilimia 80 ya mayai yenye mbegu. Mayai meupe yakiwa mengi, jogoo na umri wa mayai vichunguzwe. Vifaranga wengi wakifia ndani ya ganda siku za mwisho, unyevunyevu na joto ndivyo vya kuangaliwa kwanza. Kwa kumbukumbu hizo, hasara ya awamu moja huwa funzo la awamu inayofuata.